Mshale wa Nguruwe Mwitu

Nchi ya Ufipa ni uwanda ulioinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda huo, kadiri ya futi 5,900 kutoka usawa wa bahari; na mtu akisimama kwenye ukingo wa mashariki, huliona bonde la Rukwa likiwa chini yake kwa futi 3,000 au zaidi. Juu uwandani ni nyasi kwa mwendo mrefu, na miti ni haba. Lakini katika makorongo ya mteremko, na katika misitu ya milima ya Mbizi, miti husongamana, na mahali kama hapo ndipo nguruwe mwitu walalapo mchana.

Jua likichwa hutoka kwa makundi, wakaingia mashambani. Nguruwe hali kama mbuzi, ambaye hung'ata jani hapa na jani pale. Yeye huangusha shina zima ili apate hindi moja, na kwa pua yake hufukua mihogo na karanga hata mizizi ikabaki juu. Mkulima wa Ufipa ana desturi ya kutengeneza matuta ya duara kwa jembe, akifukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea ya mazao yajayo. Kazi hiyo ni nzito, nayo huchukua siku nyingi; kundi la nguruwe huweza kuiharibu kwa usiku mmoja, na pamoja nayo chakula cha nyumba nzima.

Basi tangu zamani watu wa nchi hiyo wamepigana na nguruwe kwa mikuki, kwa mbwa, kwa mashimo, na kwa upinde. Mtu asikiapo habari za uwindaji huo huuliza kwanza upinde ni wa mti gani, una nguvu gani, hupeleka mshale hatua ngapi. Upinde ni kitu kizuri cha kutazamwa, kwa hiyo husifiwa. Walakini upinde hubaki mkononi mwa mwindaji. Kinachofika kwa nguruwe ni mshale peke yake. Upinde wa nguvu wenye mshale mbaya humjeruhi mnyama pasipo kumwua, na jambo hilo ni baya kuliko kumkosa kabisa.

Sababu yake huonekana katika mwili wa nguruwe mwenyewe. Aliye mzima ana uzito wa ratli 120 hadi 250. Ngozi yake ni nene, hasa mabegani mwa dume. Juu ya ngozi pana singa ngumu, na juu ya singa mara nyingi pana tope lililokauka, kwa kuwa hupenda kugaagaa matopeni. Tope hilo lina mchanga ndani yake, na mchanga hufisha makali ya chuma kabla hayajagusa nyama. Moyo wake uko chini kifuani, karibu na kiwiko cha mguu wa mbele, na mapafu yako juu yake na nyuma kidogo. Mshale ukipita nyuma ya hapo huingia tumboni. Nguruwe aliyepigwa tumboni hukimbia mwendo mrefu, akaingia korongoni, akafa kesho yake mahali pasipo mtu wa kumwona. Au hafi, akakaa na uchungu wake karibu na njia ya watoto waendao kuokota kuni. Dume aliyejeruhiwa hugeuka na kupigana. Meno yake ya chini hujinoa juu ya yale ya juu kila afungapo kinywa, nayo hupasua tumbo la mbwa kwa pigo moja.

Kwa hiyo mshale wa nguruwe hauchaguliwi kama mshale wa ndege. Jambo la kwanza ni uzito. Mtoto achukue gunzi la hindi na jiwe la ukubwa ule ule, avirushe kwa nguvu moja. Gunzi huondoka mkononi upesi, kisha huchoka njiani kwa kuzuiliwa na hewa, na likigonga mlango husikika kidogo tu. Jiwe huondoka polepole zaidi, lakini hufika likiwa na nguvu zake. Ndivyo ilivyo mishale. Mwepesi huenda mbali, nao wafaa kwa kanga na sungura. Lakini nguruwe hapigwi kwa mbali; mwindaji mwenye busara hungoja hata awe hatua 15 au 20 mbele yake. Katika mwendo mfupi namna hiyo mshale mzito haupungukiwi na kitu, na ukigonga ubavu hausimami upesi.

Fimbo ya mshale huitwa wano. Wano laweza kuwa la tete au la mti, na kila kimoja kina mahali pake katika nchi. Matete huota kandokando ya mito na mabwawa, na chini bondeni, kuelekea ziwa Rukwa, ni mengi. Miti yenye machipukizi marefu yaliyonyoka huota mteremkoni na porini. Mmoja wao ni mkole, ambao katika sehemu nyingi za Tanzania hutumiwa kwa pinde na mishale. Juu uwandani penye nyasi tupu mfanya mishale hapati vya kutosha. Hana budi kushuka.

Tete lina sifa moja kubwa: limenyoka lenyewe, wala halihitaji kazi nyingi. Walakini ni jepesi, na ndani ni tupu au lina kiini laini. Likigonga mfupa hupasuka kwa urefu wake kama ukuni uliotiwa kabari. Wano la mti ni zito, nalo lastahimili pigo, lakini chipukizi la mti halikosi kupinda mahali fulani, na hata likinyoshwa hupenda kurudia hali yake ya kwanza mvua zinyeshapo. Kwa nguruwe mti ni bora, ijapokuwa unataka kazi nyingi zaidi. Mtu asiye na mti mzuri aweza kutumia tete, lakini kwa sharti moja litakaloelezwa mbele kidogo.

Mti wa mawano hukatwa wakati wa kiangazi, mwezi wa Juni au Julai, maji ya mti yakiwa yamepungua. Huko Ufipa mvua huanza Novemba na kwisha Aprili hivi, na nguruwe huwa wabaya kuliko wakati wote mahindi yakomaapo, kuanzia mwezi wa Machi. Mtu akingoja mahindi yaliwe ndipo atafute mawano, amechelewa. Machipukizi yenye unene wa kidole cha mwisho hukatwa mengi kuliko yatakayohitajiwa, maana katika kumi huenda ikapatikana mishale minne tu. Hufungwa pamoja kwa kamba, yakaachwa na maganda yake, yakawekwa kivulini yakauke polepole. Yakianikwa juani hupasuka. Watu wengi huyatundika darini juu ya moto wa kupikia, ambako moshi huwazuia wadudu watoboao miti.

Baada ya miezi miwili au mitatu maganda huondolewa kwa kisu. Ndipo huanza kazi ya kunyosha. Mfanyaji hupasha moto mahali palipopinda, juu ya makaa wala si katika ndimi za moto, hata mkono usiweze kuvumilia joto lake; kisha hupakunja kwa upande wa pili, akapashika mpaka papoe. Wahadzabe wa kando ya ziwa Eyasi, kaskazini ya Tanzania, ambao hata leo wako kati yao wanaowinda kwa upinde, hufanya kazi hiyo kwa meno: huuma wano mahali palipopinda, wakalivuta kwa mkono. Kisha mfanyaji hufumba jicho moja na kulitazama wano toka mwisho mpaka mwisho, akiligeuza polepole. Kazi hii hurudiwa kwa siku kadhaa.

Mtu huweza kufikiri kwamba wano gumu kabisa, lisilokunjika, ndilo bora. Sivyo. Upote unapoachwa, husukuma mshale kutoka nyuma, na mti wa upinde uko mbele ukizuia njia. Mshale hukunjika kidogo kwa kuuzunguka upinde, kisha hujinyosha ukiwa hewani. Wano likiwa laini mno hukunjika kupita kiasi, mshale ukaenda upande mmoja. Likiwa gumu mno halikunjiki, ukaenda upande wa pili. Mishale yote ya podo moja yapasa kukunjika sawasawa, ili mwindaji aujue mwendo wake. Iko njia nyepesi ya kupima. Chomeka vijiti viwili ardhini, viachane inchi 26. Laza wano juu yake, kisha tundika katikati jiwe la ratli 2. Tazama wano limeshuka kadiri gani, ukalinganishe na mengine kwa jiwe lile lile. Yale yanayoshuka sawa huwekwa pamoja. Upinde wenye nguvu nyingi hutaka wano gumu zaidi, na kwa chembe kizito vivyo hivyo, maana uzito ulioko mbele huongeza kukunjika.

Sasa ndilo sharti la tete. Chuma hakitiwi moja kwa moja katika tete, kwa sababu mkia wa chuma ungelipasua. Huchongwa kwanza kijiti cha mti mgumu, urefu wa shibiri moja, kikatiwa ndani ya tete kwa ulimbo na kufungwa kwa nje kwa ukano. Chuma hutiwa katika kijiti hicho. Mshale namna hiyo una faida mbili. Uzito huwa mbele, na mshale ulio mzito mbele huenda sawa kuliko ulio mzito nyuma. Tena kijiti kikivunjika, tete huweza kubaki zima.

Kichwa cha mshale huitwa chembe, nacho ndicho kitu kilichokuwa cha thamani kuliko vyote. Siku hizi chuma kimetupwa kila mahali, hata majalalani. Ni vigumu kwa mtoto kufahamu jinsi babu zake walivyokitaabikia. Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Walijenga tanuru la udongo, likisimama kama chungu kirefu kisicho na kitako, kimo chake kadiri ya futi 10, nalo waliliita ilungu. Chini yake palikuwa na matundu pande zote, yenye mirija ya udongo ya kuingizia hewa. Mivukuto haikutumiwa hapo: urefu wa tanuru wenyewe ulivuta hewa, kama bomba la moshi livutavyo. Walijaza makaa ya miti migumu na mtapo wa chuma, wakautia moto, na moto uliwaka kwa siku kadhaa. Wengi waliitunza kazi hiyo kwa miiko, maana chuma kikiharibika taabu ya majira mazima ilipotea.

Kilichotoka katika ilungu hakikuwa bado chuma cha kufuliwa, kwa kuwa kilichanganyika na takataka, ile iitwayo mavi ya chuma. Kwa hiyo kilitiwa tena katika tanuru dogo, liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Ndipo wahunzi walipokipokea, wakafua majembe kwanza, maana jembe ndilo lililolisha watu, kisha mikuki, mashoka, visu na vyembe vya mishale. Mpaka katikati ya karne ya 20 majembe ya madukani, yaliyotoka ng'ambo kwa bei rahisi, yalikuwa yameyazima matanuru hayo. Magofu ya baadhi yake bado yamesimama katika nchi ya Ufipa, na mavi ya chuma huokotwa mashambani kando yake. Mwindaji wa zamani akipoteza mshale porini aliutafuta hata jua likichwa, wala hakufanya hivyo kwa ubahili.

Wahunzi wa siku hizi hufua vyembe kwa chuma kilichokwisha kutumika. Msumari wa inchi 6 ni chuma laini; huweza kupondwa hata bila moto, na Wahadzabe hufanya hivyo kwa mawe au nyundo. Chembe cha msumari hunoleka upesi, lakini makali yake hayadumu. Chuma cha springi ya motokaa ni kigumu sana, na makali yake hukaa. Lakini hakifuliwi ila kwa moto mwingi, na fundi asiyekijua hukiharibu. Akikitumbukiza katika maji kingali chekundu, hakiguswi na tupa tena, nacho huvunjika kama kioo kinapogonga mfupa. Yampasa kukipasha tena moto mdogo, hata uso wake uliosuguliwa ugeuke rangi ya nyasi kavu, kisha kahawia, ukikaribia samawi, ndipo akiache kipoe. Katikati ya viwili hivyo liko jembe kuukuu. Chuma chake si laini kama cha msumari wala si kikali kama cha springi, na kwa fundi wa kijijini huenda ndicho chenye kufaa kuliko vyote, kwa sababu akikosea kidogo hakimwadhibu.

Umbo la chembe cha nguruwe ni kama jani jembamba, lenye makali pande mbili, na urefu wake uwe mara tatu ya upana. Kikiwa kipana mno, ngozi na tope hukizuia. Kikiwa chembamba kama sindano huingia sana, lakini jeraha hujifumba na damu haitoki. Upana wa inchi moja au zaidi kidogo watosha. Ncha isiwe nyembamba kupita kiasi, isije ikajikunja juu ya mfupa. Makali hunolewa juu ya kinoo mpaka yanyoe nywele za mkono, yakapakwa mafuta, na kila chembe hukaa podoni pasipo kugongana na kingine. Watu wengi huharibu jambo hili: hunoa vizuri nyumbani, kisha hutia mishale yote pamoja katika podo na kukimbia nayo, hata wafikapo vyembe vimepondana.

Viko pia vyembe vyenye miiba irudiyo nyuma, vitwavyo vigumba. Hivi hasa ni vya mishale ya sumu, maana kazi yake ni kukaa mwilini mpaka sumu ifanye kazi. Sumu yenyewe katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki hupikwa kwa mti uitwao msunguti, au kwa mbegu za mimea mingine, mpaka iwe nyeusi na nzito kama lami. Huingia katika damu na kuusimamisha moyo. John Kirk, aliyekuwa mganga katika safari ya Livingstone ya mto Zambezi, iliyoanza mwaka 1858, aliweka sumu ya namna hiyo mfukoni pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alisikia uchungu kinywani, na baadaye akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Kutokana na jambo hilo dogo mataalamu wa Ulaya walianza kuichunguza mbegu ile, na dawa ya ugonjwa wa moyo ikapatikana. Kirk alipona, kwa kuwa alichoonja kilikuwa kidogo sana. Mtu mwenye mchubuko mkononi aweza kufa kwa kushika mshale wa sumu, na mbwa na watoto vilevile. Tena sheria ya Tanzania ya kuhifadhi wanyamapori, ya mwaka 2009, yamtaka mwindaji awe na kibali, nayo imekataza silaha za sumu. Mkulima anayesumbuliwa na nguruwe hupeleka habari kwanza kwa wakuu wa kijiji na askari wa wanyamapori. Basi mshale unaozungumzwa hapa hauna sumu. Huua kwa makali na uzito wake tu, na ndiyo sababu haufai kufanywa kwa haraka.

Manyoya hutiwa nyuma ili mshale usiyumbe. Hutumika matatu au manne, ya bawa moja, yaani yote ya kushoto au yote ya kulia. Yakichanganywa hushindana, mengine yakiuzungusha mshale huku na mengine kule. Manyoya ya kanga ni magumu na hupatikana kwa wingi. Ya kuku hulainika yakipata umande, na kwenye shamba la mahindi wakati wa usiku umande haukosekani. Hufungwa kwa ukano uliolowekwa, maana ukano ukikauka hujikaza wenyewe kuliko nguvu za mkono. Lakini ukano ule ule ukilowa tena hulegea. Kwa hiyo kila fundo hupakwa nta ya nyuki juu yake. Penye chembe ukano hufungwa kwa upana wa vidole vitatu, ili wano lisipasuke mkia wa chuma urudipo nyuma kwa kishindo.

Mshale uliokwisha kupigwa haurudishwi podoni mara moja. Mwindaji huuosha damu, maana damu hula chuma kwa kutu, kisha hulikunja wano kidogo karibu na sikio lake, mbele, katikati na nyuma, akisikiliza. Likilia, hata kama jicho halioni kitu, ndani limekwisha pasuka, na likitiwa tena upindeni huweza kuvunjika upote uachwapo na kumchoma mkono. Wano hilo hutiwa motoni. Lakini kwanza chembe hushikwa juu ya makaa mpaka ulimbo uyeyuke, kikavutwa taratibu, kikafutwa, na kuwekwa katika kifuko cha ngozi kungoja wano jingine.